Bustani ya mimea ya chuo kikuu majani yanapopukutika: uanzie wapi, uangalie nini

Swali linaloulizwa sana kuhusu bustani hizi ni "niende lini nikute rangi zimekolea?" Jibu lake huwakera wengi: hakuna siku hiyo. Mti mmoja hukolea wakati jirani yake bado ni wa kijani, na kufikia siku huyo jirani anapogeuka, wa kwanza ameshabaki matawi matupu. Mwongozo huu basi ni wa mtu aliye tayari kwenda zaidi ya mara moja, au aliye na siku moja tu lakini anataka aitumie vizuri. Majina mengi ya mimea nimeyaandika kisayansi, kwa sababu ndiyo utakayoyakuta kwenye vibao.

Hatua ya 1: Gawa msimu vipande vitatu

Katika nusu ya kaskazini ya dunia msimu wenyewe ni Septemba hadi Novemba. Kusini ni Machi hadi Mei. Mwanzo wa msimu ni wakati wa matunda, mbegu na maua yanayochomoza ardhini bila majani. Katikati ndipo nyekundu inapotawala na uyoga unapojitokeza kwa wingi baada ya mvua. Mwishoni hubaki miti ya njano na ya rangi ya shaba, pamoja na magome ambayo majani yalikuwa yameyaficha. Ukiwa na nafasi ya ziara moja, chagua katikati. Ukiwa na mbili, acha katikati uende mwanzo na mwisho. Wengi hawakubaliani nami hapo, lakini picha za miti myekundu zimejaa kila mahali, na vitu vya pembezoni mwa msimu havina wa kuvitazama.

Kabla ya kutoka, angalia saa za kufunga. Bustani nyingi hufuata mwanga wa jua, hivyo lango lililokuwa likifungwa jioni miezi michache iliyopita sasa hufungwa mapema zaidi. Angalia pia hali ya hewa: upepo mkali ukitabiriwa, bustani yenye miti mikubwa inaweza kufungwa siku nzima kwa sababu matawi huanguka. Vaa viatu visivyoteleza, maana majani yaliyolowa juu ya mawe huangusha watu wazima na heshima zao. Beba daftari, penseli (wino hufumuka kwenye unyevunyevu) na lenzi ndogo ya mkono kama unayo.

Hatua ya 2: Soma kibao kabla ya kuutazama mti

Bustani ya chuo kikuu si bustani ya mapumziko iliyopachikwa jina la chuo. Ilianza kama darasa. Luca Ghini, mtaalamu wa mimea, aliianzisha ile ya Pisa, Italia, katika miaka ya 1540 ili wanafunzi wa tiba wajifunze dawa kwenye mmea wenyewe ulio hai. Ya Padua ilifuata mwaka 1545, na hadi leo ipo palepale ilipoanzia. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Leiden ilianza 1590, Oxford 1621. Kila mmea humo una kumbukumbu zake kama kitabu cha maktaba, na kibao ndicho mlango wa kumbukumbu hizo.

Kwa kawaida kibao huonyesha jina la kisayansi, familia ya mmea, sehemu ya dunia unakotoka kwa asili, na namba. Usiipite namba hiyo. Katika bustani nyingi tarakimu zake za mwanzo ni mwaka ambao mmea uliingia kwenye mkusanyiko, hivyo namba inayoanza na 1949 inakuambia mara moja umri wa mti huo bustanini. Alama ya × katikati ya jina maana yake ni chotara wa spishi mbili. Jina lililofungwa kwa alama moja moja za nukuu, mathalani 'Flower of Kent', ni la aina iliyochaguliwa na watu, ambayo mara nyingi huendelezwa kwa kupandikiza vikonyo (vijiti vinavyokatwa kwenye mti na kuungwa kwenye shina la mwingine) na wala si kwa mbegu.

Hiyo 'Flower of Kent' ina kisa. Ndiyo aina ya mtufaha inayohusishwa na Isaac Newton, mwanasayansi wa nguvu ya mvutano. Bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa na mtufaha wa ukoo huo uliopandwa mwaka 1954, na tufani iliyopewa jina Eunice iliuangusha Februari 2022. Kwa kuwa aina hiyo huendelezwa kwa kupandikiza, mti ulioanguka haukuondoka na ukoo wake: kikonyo kilichochukuliwa kwake kikaungwa kwenye shina jingine ni mti uleule kwa vinasaba.

Kwenye daftari andika jina, namba, tarehe, na neno moja au mawili juu ya hali ya majani. Chagua miti mitatu au minne tu, ukirudi uitazame hiyohiyo. Wanasayansi nao hufanya hivyo kwa kiwango kikubwa: tangu 1957 Ulaya imekuwa na mtandao wa bustani zilizopanda mimea yenye vinasaba sawa, ili tofauti ya tarehe za kuchipua na kupukutika itokane na hali ya hewa, isitokane na ukoo wa mti.

Hatua ya 3: Miti, na kinachotokea ndani ya jani

Simama chini ya mti unaogeuka rangi. Usiku unapozidi kuwa mrefu, mti huacha kutengeneza klorofili, ile ya kijani, na huivunja iliyopo ili uokoe naitrojeni ya ndani ya jani. Njano na rangi ya chungwa zinazojitokeza ni karotinoidi, ambazo zilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, zimefunikwa tu. Nyekundu ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni anthosianini, na kwa miti mingi hutengenezwa upya wakati huuhuu kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, kwa msaada wa mwanga. Ndiyo maana siku zenye jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huleta wekundu mkali, na mawingu ya mfululizo huleta msimu uliopooza.

Unaweza kulithibitisha hili papo hapo. Tafuta mti mwekundu wa jamii ya Acer, kisha uangalie tawi ambalo majani yake yamelaliana. Sogeza jani la juu kwa kidole, bila kulichuma. Mara nyingi utakuta kwenye jani la chini mchoro wa njano au kijani wenye umbo la lile lililokuwa juu yake. Pale mwanga haukufika, na nyekundu haikutengenezwa.

Hapo kwenye Acer wageni wengi hukosea, kwa sababu Liquidambar styraciflua ina majani yenye ncha kama vidole yanayofanana sana nayo, na hugeuka nyekundu na zambarau vilevile. Usitazame jani, tazama namna lilivyoshikana na kijiti. Kwenye Acer majani hukaa mawili mawili yakikabiliana. Kwenye Liquidambar hupishana, moja huku, jingine kule. Basi.

Kisha mtafute Cercidiphyllum japonicum, mti wa Japani na China wenye majani ya mviringo. Huenda ukaufikia kwa pua kabla ya macho. Majani yake yanapokauka na kuanguka hutoa harufu ya sukari inayoanza kuungua sufuriani, tamu yenye ukali kidogo kwa mbali. Kemikali yake inaitwa maltoli. Harufu haiji kila dakika. Huja, hupotea, hurudi upepo ukigeuka, na ukiinama ukaokota jani moja ukalinusa unaweza usisikie kitu. Kaa chini ya mti, ngoja.

Ginkgo biloba ni ya mwishoni mwa msimu. Jani lake lina umbo la pepeo, na mishipa yake hugawanyika mbili mbili kuanzia kwenye kikonyo hadi ukingoni, jambo utakaloliona vizuri ukilielekeza kwenye mwanga. Ndiyo spishi pekee iliyobaki ya ukoo mzima ambao ndugu zake wote tunawajua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe. Miti mingi hupukutisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, lakini huu, usiku mmoja wa baridi ya kugandisha ukipita, unaweza kuangusha karibu majani yote ndani ya siku moja au mbili. Ukiwahi kufika asubuhi hiyo utayasikia yakidondoka hata pasipo upepo. Mti ukiwa wa kike, utajua: mbegu zake zilizofunikwa nyama laini hunuka kama siagi iliyochacha, kwa kuwa zina asidi ileile. Usizishike kwa mikono mitupu, nyama hiyo huwasha ngozi ya baadhi ya watu.

Usiondoke kabla ya kuonana na Metasequoia glyptostroboides. Mwaka 1941 mtaalamu wa Kijapani, Shigeru Miki, aliipa jina la Metasequoia mimea ya visukuku, akiamini, kama wenzake, kwamba ilishatoweka. Miaka hiyohiyo miti hai ilikutwa China, na mwanzoni mwa 1948 mbegu zake zilifika Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo ilizisambaza kwa bustani za nchi nyingi. Ni mti wa koni, lakini tofauti na misonobari, hugeuka rangi ya shaba na kuangusha majani yake yote. Taxodium distichum nayo hufanya hivyo, na mara nyingi hupandwa karibu nayo kando ya maji. Zitenganishe kwa ujanja uleule: vijani vya Metasequoia hukabiliana, vya Taxodium hupishana.

Hatua ya 4: Sasa inama

Msimu huu maua yako chini. Colchicum autumnale hutoa maua ya rangi ya waridi yanayotoka ardhini uchi, bila jani hata moja. Majani huja majira ya kuchipua, yakiwa yamebeba tunda la ua la miezi iliyopita, kwa sababu ovari ya ua hilo, sehemu inayogeuka tunda, ilikuwa chini ya udongo muda wote. Mmea mzima ni sumu. Kemikali yake, kolchisini, ndiyo dawa ya jongo inayotumika hospitalini hadi leo, kwa vipimo vya uangalifu mkubwa. Kwenye bustani iliyoanzia na wanafunzi wa tiba, una haki ya kuwapo.

Watu huuchanganya na Crocus, nao hauna haja ya kubishaniwa: hesabu stameni, yaani vijiti vya kiume vyenye chavua, ndani ya ua. Sita ni Colchicum, tatu ni Crocus. Na kama bustani ina kitanda cha Crocus sativus, una bahati, kwa maana hiyo ndiyo zafarani yenyewe. Nyuzi tatu nyekundu zinazoning'inia nje ya kila ua ndizo stigma, sehemu za kike zinazopokea chavua, zinazochumwa kwa mkono na kukaushwa. Tatu kwa ua zima. Ukizitazama unaelewa kwa nini kiungo hicho ni ghali. Mmea huu hautoi mbegu zinazoota, hivyo uliopo mbele yako umetokana na matunguu yaliyogawanywa kutoka mkono hadi mkono.

Chini ya miti utakuta Cyclamen hederifolium. Ua likishachavushwa, kikonyo chake hujisokota na kuliteremsha tunda hadi ardhini. Nenda mwishoni mwa msimu uone misokoto hiyo kati ya majani makavu.

Uyoga unastahili tahadhari. Amanita muscaria, ule mwekundu wenye madoa meupe, huota karibu na miti ya Betula au misonobari kwa sababu nyuzi zake zimeungana na mizizi yao, hivyo ukiuona, inua macho utafute mwenzake. Tazama, piga picha kwa pembeni na kwa chini pia, usichume. Amanita phalloides, wenye rangi ya kijani iliyofifia, huota chini ya mialoni na huua; kuupika hakuondoi sumu yake. Bustani ikitangaza matembezi ya uyoga pamoja na mtaalamu, jiandikishe mapema. Katika shughuli zote za msimu huu, hiyo ndiyo ambayo mwongozo ulioandikwa, huu ukiwemo, hauwezi kuichukulia nafasi.

Hatua ya 5: Fuata watu wenye mifuko ya karatasi

Ukiwaona wafanyakazi wakikagua mimea iliyokauka, inayoonekana kama imesahaulika, wapo kazini kweli. Wanakusanya mbegu. Kitanda kinachoonekana kichafu msimu huu mara nyingi kimeachwa makusudi mpaka mbegu zikomae. Hukusanywa kwenye mifuko ya karatasi ili zisivunde, husafishwa, kisha hukaushwa. Za kuhifadhiwa muda mrefu hukaushwa polepole kwenye hewa yenye unyevu wa karibu asilimia 15, halafu hugandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mbegu za mwaloni hazikubali njia hiyo, kwani zikikauka hufa. Inabidi zioteshwe upesi, na kabla yako na ya wafanyakazi hao huenda kindi ameshafika.

Bustani nyingi za vyuo hutoa orodha ya mbegu iitwayo Index Seminum na kubadilishana mbegu na bustani nyingine kwa ajili ya utafiti na elimu. Siku hizi mabadilishano hayo hufuata masharti, hasa tangu Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ili nchi unakotoka mmea zinufaike nao. Hiyo ndiyo sababu mgeni kuchuma "kambegu kamoja tu" si jambo dogo kama linavyoonekana: mbegu hiyo ina namba na ina mkataba.

Ukitaka kushiriki, ulizia kazi za kujitolea. Msimu huu kuna kukusanya majani na kuyarundika yawe mboji, ambayo huchukua mwaka mmoja hadi miwili kwa kuwa huozeshwa zaidi na kuvu kuliko bakteria. Kuna pia kupanda matunguu ya maua ya mwakani, kwa kina cha mara mbili au tatu ya kimo cha tunguu, ncha juu.

Ukiwa na watoto, waruhusiwe kuokota mbegu yenye bawa iliyoanguka chini ya Acer. Waiangushe kutoka juu na kutazama inavyozunguka. Kisha wakate nusu ya bawa, waangushe tena. Hawatahitaji maelezo.

Hatua ya 6: Nyumba za vioo ziwe za mwisho

Zina joto, na mtu aliyeingia humo hatoki upesi kurudi kwenye baridi. Kamera iliyotoka nje itajaa ukungu kwenye lenzi; iache ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto, usiifute. Ukiuliza, utaambiwa ni mimea gani iliyoingizwa karibuni kutoka nje kukwepa baridi.

Hatua ya 7: Ukifika nyumbani

Uliza kwanza kama majani yaliyoanguka yanaruhusiwa kuchukuliwa, kanuni hutofautiana. Ukiruhusiwa, chagua makavu yasiyo na madoa, yatandaze kati ya kurasa za gazeti, weka uzito juu. Badilisha karatasi kila siku kwa siku chache za mwanzo, hapo ndipo wengi huzembea na majani huota ukungu. Baada ya wiki moja hadi mbili yatakuwa tayari. Ginkgo hukubali sana njia hii na rangi yake hudumu. Nyekundu nyingi hufifia kuwa kahawia, hasa zikiwekwa juani. Yabandike kwenye karatasi ngumu kwa vipande vidogo vya karatasi yenye gundi na uandike jina, mahali, tarehe, na ile namba ya kwenye kibao. Bila namba ni pambo. Ikiwa nayo, mtu wa bustani anaweza kukuonyesha mti wenyewe.

Jaribio la rangi linahitaji majani mabichi ya kijani, na hata ya mti wowote wa mtaani yanatosha. Yakate vipande vidogo sana, yatie kwenye glasi, uyafunike kwa spiriti ya kusafishia vidonda. Funika glasi, uisimamishe ndani ya bakuli la maji ya moto kwa nusu saa. Spiriti hushika moto kwa urahisi, hivyo maji yachemshwe kando na pasiwe na jiko linalowaka wala mshumaa karibu, fungua dirisha. Kimiminika kikishageuka kijani, kata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, chovya ncha yake tu, sehemu iliyobaki uitundike kwenye penseli iliyolazwa mdomoni mwa glasi. Baada ya saa moja hivi karatasi itakuwa imepanda rangi, na kando ya kijani utaona mstari wa njano. Rudia na jani la mti uleule baada ya wiki tatu, uweke karatasi hizo mbili pamoja kwenye daftari.